Je, Maeve Binchy ni mwandishi wa kusomea kwenye basi?

Swali la msomaji: Shikamoo Profesa. Ninafundisha sekondari na wakati huohuo nasomea uzamili wa fasihi. Niliandika pendekezo la utafiti kuhusu riwaya za Maeve Binchy wa Ireland, ambazo nilizikuta kwenye kabati la maktaba ya shule zikiwa zimechakaa kwa kusomwa. Msimamizi wangu amelirudisha. Anasema huyo ni mwandishi wa kusomea kwenye basi, na kwamba wahakiki walishammaliza zamani. Ni kweli? Wanasemaje hasa juu yake? Nibadilishe mada?

Marahaba, Mwalimu. Mada usiibadilishe. Ila pendekezo lenyewe nimelisoma, maana umeniambatishia, na linanitia wasiwasi. Ukurasa wa kwanza unasema ameuza nakala zaidi ya milioni 40. Ukurasa wa pili unasema Oprah Winfrey aliichagua Tara Road kwa klabu yake ya vitabu mwaka 1999. Yote mawili ni kweli, na hakuna hata moja linalomjibu msimamizi wako. Yeye hajasema kwamba Binchy hasomwi. Amesema kwamba anasomwa sana na bado hana kitu. Mtu akikuambia chakula hakina lishe, usimwonyeshe urefu wa foleni.

Kwa hiyo tuanze na wahakiki wenyewe, tuwasikilize mpaka mwisho kabla ya kuwajibu.

Binchy alizaliwa Dalkey, kusini mwa Dublin, akafundisha shule kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 1968 akachukua kurasa za wanawake katika gazeti la The Irish Times. Riwaya yake ya kwanza, Light a Penny Candle, ilitoka mwaka 1982, naye ameshavuka miaka 40. Alifariki Julai 2012. Yashike mambo mawili hapo: alikuwa mwandishi wa habari kabla ya kuwa mwandishi wa riwaya, na alianza riwaya akiwa mtu mzima aliyekwisha kusikia mengi ya watu.

Lawama inayorudiwa kuliko zote ni ya lugha. Wahakiki wanasema sentensi zake ni nyepesi, hazina taswira ya kumsimamisha msomaji, na kwamba huwezi kuchukua sentensi moja ya Binchy ukakaa nayo jioni nzima. Usiipuuze. Ireland ni nchi iliyojipatia jina duniani kwa sentensi: James Joyce, Samuel Beckett, na karibu zaidi na zama za Binchy, John McGahern, ambaye aya yake moja inaweza kukuchukua saa nzima ya darasa. Mhakiki aliyelelewa kwa waandishi hao akifungua Circle of Friends, riwaya ya Binchy, anatafuta mahali pa kupigia mstari kwa kalamu na hapaoni.

Mimi nasema lawama hiyo ni nusu ya kweli. Binchy aliandika kama alivyozungumza, na alilisema hilo bila kuona haya. Matokeo yake kuna kurasa ndefu, hasa katika vitabu vya mwisho, ambazo mhariri mkali angezipunguza. Lakini sikiliza ni sauti ya nani inayosimulia. Ni nafsi ya tatu, ndiyo, ila nafsi ya tatu inayoazima maneno ya watu wa mji: nani kaonekana na nani, mkoba mpya umetoka wapi, kwa nini binti wa duka la nguo hakwenda misa Jumapili. Msimulizi wake ni jirani mwema mwenye masikio. Na katika miji midogo anayoiandika, Knockglen, Lough Glass, Mountfern, umbeya ndio unaolinda sheria. Polisi wapo lakini hawana kazi kubwa. Kazi inafanywa na macho ya dirishani. Lugha ya namna hiyo inabeba hoja. Ukiiandika Knockglen kwa sentensi za Beckett, mji unatoweka. Hapa pana sura nzima ya tasnifu yako, ukiwa tayari kukaa na kifungu kimoja na kuonyesha, neno kwa neno, mahali ambapo sauti ya msimulizi inageuka kuwa sauti ya mtaa.

Lawama ya pili ni ya faraja. Wanasema vitabu vyake ni blanketi la mvua: watu wema hushinda, chai huandaliwa, na Ireland ya miaka ya 1950 inafanana na kadi ya posta. Ukisikia hivyo, muulize anayesema ametazama filamu au amesoma kitabu. Circle of Friends ilitoka mwaka 1990, na filamu yake, iliyoongozwa na Pat O'Connor, ikatoka mwaka 1995. Unakumbuka habari yenyewe: Benny Hogan, msichana mnene, binti pekee wa mwenye duka, anakwenda chuo kikuu Dublin na kupendwa na Jack Foley, kijana ambaye kila mtu anamtaka. Nan, mrembo, rafiki yake, ana mimba ya mwanamume mwingine aliyemkimbia, naye anamtumia Jack kujiokoa. Katika filamu Benny na Jack wanarudiana. Katika riwaya Jack anarudi, anataka mambo yawe kama zamani, na Benny anagundua kwamba hamhitaji tena. Msichana hageuki mrembo na wala hapewi mwanamume kama zawadi ya uvumilivu. Anabaki na unene wake, na marafiki, na duka la baba linalohitaji kuokolewa. Binchy mwenyewe alipenda kusema kwamba bata wake wabaya wa sura hawageuki mabata maji wa kifahari. Wanakuwa mabata wanaojiamini. Waliotengeneza filamu hawakuvumilia mwisho huo. Faraja anayolaumiwa nayo Binchy imetoka kwenye sinema, na nashangaa ni wahakiki wangapi wamelipeleka deni mlangoni kwake.

Tazama pia The Glass Lake ya mwaka 1994, ambayo kwangu ndiyo bora kuliko zote. Helen McMahon, mke wa mfamasia katika mji wa kando ya ziwa, anatoroka kwenda London na mpenzi wake wa zamani. Anaacha barua kwa mumewe. Binti yake mdogo, Kit, anaikuta barua kabla ya baba. Mashua imeonekana ikielea, watu wanapekua ziwa, na mtoto anajua jambo moja tu: aliyejiua hazikwi katika ardhi ya kanisa. Anaamini barua ni ya kuaga dunia. Anaichoma bila kuisoma, ili mama yake apate kaburi. Kwa tendo hilo la upendo anamzika mama aliye hai, kwa sababu barua ilikuwa inaeleza anakwenda wapi. Helen anakuja kujua akiwa London kwamba kwao yeye ni marehemu, na hawezi tena kurudi.

Nioneshe kadi ya posta hapo. Msuko mzima unaendeshwa na kanuni ya mazishi. Hakuna mhusika mwovu; kuna mtoto aliyefundishwa katekisimu akaielewa vizuri. Nimesoma riwaya nyingi zinazolaumu dini kwa sauti kubwa na chache zimenichoma kama moto ule mdogo wa jikoni.

Sasa tufike kwenye lawama nzito. Hii ndiyo ningependa uijibu katika tasnifu, maana nyingine zote ni nyepesi mbele yake.

Mwaka 1960 Edna O'Brien alichapisha The Country Girls, habari ya wasichana wawili wa mashambani wanaotoka shule ya watawa kwenda Dublin. Serikali ya Ireland ilikipiga marufuku, na katika parokia ya kwao nakala zilichomwa. Mwaka 1965 McGahern alichapisha The Dark. Nacho kikapigwa marufuku, na yeye akapoteza kazi ya ualimu. Binchy ameandika juu ya watu walewale: wasichana walewale, watawa walewale, mimba zilezile. Hakuna aliyemchomea kitabu. Alipofariki, nchi nzima ilimlilia, kuanzia waziri mkuu mpaka wauza samaki. Wahakiki wenye makali wanauliza: mwandishi aliyepita kila mlango bila kugongwa, alikuwa amebeba nini?

Jibu la kwanza ni la tarehe. Sheria ya udhibiti ya mwaka 1929 ililegezwa mwaka 1967, vitabu vingi vilivyofungiwa vikaachiliwa. Binchy aliingia katika riwaya miaka 15 baadaye, njia ikiwa imefyekwa na wengine waliolipa gharama. Hilo sifa yake halipunguzi, lakini lisemwe.

Jibu la pili ni kwamba vitu alivyobeba vilikuwa vikali kuliko ufungashaji wake. Katika Central Line, mkusanyiko wa hadithi fupi wa mwaka 1978, kila hadithi imepewa jina la kituo cha treni za chini ya ardhi London. Iliyopewa jina la Shepherd's Bush inamfuata mwanamke wa Ireland aliyekuja London kutoa mimba. Hakuna hotuba, hakuna anayehukumiwa wala kutetewa. Kuna miadi ya daktari, rafiki wa kumpokea, na upweke. Kumbuka mwaka: kule kwao kutoa mimba kulikatazwa na sheria ya 1861, mwaka 1983 katazo likaingizwa katika katiba, na halikuondolewa mpaka kura ya maoni ya 2018. Miaka 40 kabla ya kura hiyo, Binchy alikuwa ameshaiandika safari ambayo maelfu ya wanawake waliifanya na kuinyamazia. Katika Light a Penny Candle, Aisling anamwacha mume mlevi katika nchi isiyo na talaka. Talaka ilikataliwa katika kura ya maoni ya 1986, ikapita mwaka 1995 kwa tofauti ya kura zaidi kidogo ya 9,000 nchi nzima. Miaka mitatu baadaye ikatoka Tara Road, ambamo mume anamwambia mkewe Ria kwamba anatarajia mtoto, na mke, kwa sekunde chache za furaha, anadhani wanazungumza habari ya mtoto wao. Msomaji wa Dublin wa mwaka ule hakuhitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo.

Lakini kuna sehemu moja ambapo lawama inasimama, na nakuomba usiizunguke. Watawa wa Binchy ni wema mno. Katika Circle of Friends, Eve, yatima, analelewa ndani ya nyumba ya watawa na Mother Francis, mwanamke mwerevu na mwenye upendo wa kweli. Nilipoisoma mara ya kwanza nilimpenda Mother Francis na bado nampenda. Kisha Mei 2009 ikatoka ripoti ya tume ya uchunguzi wa mateso ya watoto nchini Ireland, inayojulikana kama Ripoti ya Ryan, ikieleza kwa mamia ya kurasa kilichowapata watoto katika taasisi zilizoendeshwa na mashirika ya kidini. Nyumba za kufulia zilizowafungia wanawake waliohesabiwa kuwa wamepotoka zilidumu mpaka mwaka 1996, ambapo ya mwisho ilifungwa. Eve aliyezaliwa katika mwaka uleule, katika nyumba nyingine, angekuwa na maisha gani? Riwaya haiulizi. Unaweza kujibu kwamba Binchy alisomeshwa na watawa waliomtendea vema na akaandika alichokijua. Ni jibu la haki. Unaweza pia kusema kwamba wema wa Mother Francis unaonyesha jinsi hatima ya mtoto ilivyotegemea bahati ya kumpata mtu mmoja. Mimi naona yote mawili yamo, na kwamba ukimya ule ni upungufu. Mwandishi ninayempenda ana upungufu, na nikiuficha nitakuwa nimemdharau.

Ziko lawama nyingine ambazo hazistahili muda. Mara baada ya kifo chake, mwandishi wa riwaya wa Uingereza Amanda Craig aliuliza katika gazeti la The Telegraph iwapo kazi za Binchy zingekuwa na kina zaidi kama angekuwa amezaa. Watu wengi walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Uhakiki unasoma kitabu. Tumbo la mwandishi si matini. Kuna pia mazoea ya kumweka mwanzoni mwa orodha ya waandishi wa riwaya za wanawake waliomfuata, akina Marian Keyes na Cecelia Ahern, halafu kuitupa orodha nzima kwa pamoja. Keyes na Binchy wana tofauti kubwa za sauti, za miji na za umri wa wahusika. Anayewaunganisha kwa sababu majalada yao yanawekwa rafu moja hajafungua majalada.

Juu ya wanaume wake, wahakiki wako sahihi kwa sehemu. Jack, Danny wa Tara Road, Louis wa The Glass Lake ni mtu mmoja aliyebadilisha shati: mzuri, mcheshi, wa maneno matamu, asiyetegemeka. Baada ya kitabu cha tatu unamtambua akiingia mlangoni.

Nimeliacha basi makusudi mpaka hapa. Mwambie msimamizi wako, kwa adabu, kwamba Binchy aliandika kitabu kuhusu basi. Kinaitwa The Lilac Bus, cha mwaka 1984. Kila Ijumaa jioni dereva Tom anawachukua abiria saba kutoka Dublin kwenda mji mdogo wa Rathdoon, na Jumapili usiku anawarudisha. Sura nane, kila moja na mtu wake. Katika sura ya kwanza tunamwona Nancy, anayejiona mwema na mwenye busara ya pesa. Jioni hiyohiyo anasikia watu wakimsema, kumbe mji mzima unamwona bahili. Binti wa daktari ana mahusiano na mume wa mtu. Kev amenaswa na wezi na anaogopa hata kushuka garini peke yake. Muuguzi Celia anarudi kila wiki kumtazama mama anayezama katika pombe. Rupert, mpole, anampenda mwanamume mwenzake, katika nchi ambayo sheria haikuacha kulihesabu hilo kosa la jinai mpaka 1993.

Angalia kazi ya mpangilio huo. Wote wamekaa bega kwa bega, saa kadhaa, kila wiki, na siri ya mtungi anaijua kata tu. Msomaji ndiye kata. Kufikia sura ya tano unajua vya watu wanne ambavyo waliokaa nao hawavijui, na sentensi ya kawaida kabisa, mtu akiomba dirisha lifungwe, inakuwa na uzito ambao hakuna abiria anayeusikia. Hapo ndipo unapoona kwa nini sentensi zake zinaweza kuwa nyepesi: mzigo ameuweka katika mpangilio. Mhakiki anayetafuta sanaa ndani ya sentensi peke yake ataondoka mikono mitupu, na kosa litakuwa la mahali alipotafuta. Binchy aliurudia mpangilio huu katika Silver Wedding, The Copper Beech na Evening Class. Katika vya mwisho, kama Whitethorn Woods ya 2006, naona umechoka: sauti ni nyingi lakini zinafanana, na siri zinafunguka kirahisi mno.

Kuhusu "pendwa", neno letu la riwaya za kusomea kwenye basi, sisi tunalo deni letu. Uhakiki wa Kiswahili umetumia miaka mingi kutenga riwaya dhati na riwaya pendwa, na akina Elvis Musiba na Ben Mtobwa wakawekwa upande wa pili, wakasomwa na kila mtu isipokuwa darasani. Siku hizi wanasomwa vyuoni. Aya moja juu ya hilo katika utangulizi wako itamkumbusha msimamizi kwamba mpaka huo huhama. Isizidi aya moja. Tasnifu yako ni ya Ireland.

Sasa kazi. Futa idadi ya nakala na Oprah. Chukua matini mbili tu, The Lilac Bus na The Glass Lake. Uliza swali moja: katika miji hii, nani anajua nini, anakijua lini, na sheria au kanisa linahusikaje na anachokificha? Kwa nadharia, msome Janice Radway, mhakiki wa Marekani, ambaye mwaka 1984 katika Reading the Romance aliwauliza wasomaji wanawake wenyewe wanafanya nini na riwaya za mapenzi badala ya kuwakisia. Ila Binchy haandiki mapenzi ya namna ile, kwa hiyo itakubidi uonyeshe Radway anapoishia. Weka sura moja ya lawama, uanze na O'Brien na umalize na Mother Francis, na humo usimtetee Binchy hata mara moja. Pendekezo la pili nitalisoma likiwa tayari. Chora kwanza jedwali la watu wanane wa basi, abiria saba na Tom, na siri zao, sura kwa sura, kwa penseli. Utalifuta mara nyingi.